Ndugu wa Ukucha

Kwetu Saksonia ndugu hahesabiwi kwa mapenzi, huhesabiwa kwa mkono. Nyoosha wako twende sawa. Kichwa ni baba na mama walioanza. Shingo ni watoto wao wa tumbo moja. Bega ni watoto wa hao watoto. Halafu kiwiko, halafu kifundo cha mkono, halafu pingili tatu za kidole cha kati, halafu ukucha. Hapo undugu umekwisha. Baada ya ukucha ni hewa, na sheria inasema hivi: aliyemo mkononi anaweza kukurithi, lakini marufuku kumuoa. Aliye hewani muoe ukipenda, ila ukifa asisogelee hata kuku wako.

Kuna kipengele kimoja cha kukera, nacho kinanihusu. Mkiwa baba mmoja lakini mama mbalimbali, hamkai shingoni pamoja. Yule wa nusu anasogezwa kiungo kimoja chini. Mimi Tammo ni mtoto wa mke wa pili. Kaka yangu Esiko na dada yangu Reglinda ni wa mke wa kwanza. Wao shingoni, mimi begani. Esiko hakuchoka kunikumbusha, hasa nyama ikiwa mezani. "Wa begani, subiri wa shingoni washibe." Sikubishana naye. Aliyekaa shingoni ndiye mwenye nafasi nzuri ya kukukaba, na kaka yangu ana mikono mikubwa.

Reglinda hakuwahi kunihesabu kwa mkono. Mama yangu alipofariki yeye ndiye aliyenilea: akanitoa chawa, akanifunika baridi, akanizaba makofi yangu yote niliyostahili, na mengine ya akiba. Alipoolewa na Bwana Volrad wa Hasselstein, na mimi nilipofukuzwa shule ya makanoni, wale mapadre wa kanisa la askofu, kwa kosa la kucheka katikati ya zaburi, alinichukua nikakae kwake. Kazi yangu ikawa kulisha kozi, ndege wakali wa kuwindia, na kuwachekesha wanawe wawili, Jutta na Oda. Kozi walikuwa wagumu zaidi kucheka.

Sasa usinichoke, maana hapa ndipo penyewe. Sisi na Volrad tulitoka kwa babu mmoja wa zamani sana, Bwana Hoyer. Hoyer alioa mara mbili. Mke wa kwanza alikuwa bibi wa Kisaksoni mwenye nasaba ndefu kama mkia wa ng'ombe, akamzaa Bardo. Huko ndiko alikotoka Volrad. Yule bibi akafa, Hoyer akaoa Mvendi, mwanamke wa ng'ambo ya mto Elbe aliyetekwa vitani na kubatizwa haraka haraka kabla maji hayajapata moto. Huyo akamzaa Imma, na kwa Imma ndiko tulikotoka sisi. Kwa hiyo Bardo na Imma walikuwa nusu kwa nusu. Ukihesabu kutoka kwao mpaka kwa Volrad na dada yangu, unaupita ukucha na kuingia hewani. Wangekuwa tumbo moja, ungetua juu ya ukucha barabara, na ndoa ingekuwa haramu.

Habari ya yule Mvendi haikuwa siri. Volrad mwenyewe ndiye aliyeifanya kitoweo. Oda akilia sana, "Sikieni Mvendi huyo anaita jeshi!" Reglinda akitafuna kitunguu kibichi kama Wavendi, "Bibi yenu amekuja kuwasalimia, mpisheni akae." Ukumbi mzima ulicheka, wapishi walicheka, mbwa walitingisha mikia. Dada yangu alizoea. Alikuwa akimjibu, "Afadhali bibi yangu alitekwa. Wa kwenu alijileta mwenyewe." Na Volrad alicheka zaidi, maana siku hizo alikuwa bado anampenda.

Siku hizo zilipita. Wasichana wawili, kisha miaka mitupu. Pale Salzbeke kulikuwa na mjane mwenye visima vya chumvi, aliyekuwa amemzalia marehemu wavulana watatu kama anayetema kokwa. Volrad akaanza kwenda Salzbeke kununua chumvi. Mtu mwenye watumishi tele, anakwenda mwenyewe kununua chumvi! Chakula chetu kilikuwa chungu kwa chumvi mwaka ule, na hakuna aliyethubutu kusema.

Kumwacha mke bure bure ni vigumu kwetu. Kanisa halitaki. Njia moja tu ndiyo rahisi: kugundua, kwa masikitiko makubwa, kwamba mkeo ni ndugu yako.

Basi akafa mzee Dedo wa Rodenfels, binamu mkubwa wa Volrad, mtu wa upande wa Bardo. Hakuacha mtoto. Aliacha ngome juu ya kilima, msitu wa kuwindia na kinu cha maji. Mrithi alikuwa Volrad, wala hakukuwa na ubishi. Tulimzika asubuhi, mchana tukakaa ukumbini kwake kumlilia kwa nguruwe wa kubanika na bia. Volrad akasimama na kikombe mkononi, uso umejaa huzuni aliyoinunua sijui wapi.

"Jamani," akasema, "ngome hii ni yangu. Lakini mtu ana matako mawili tu, hawezi kukalia ngome tatu. Ningependa kumwachia ndugu. Sheria mnaijua: ngome haitoki nje ya mkono. Nikimpa asiye ndugu, askofu anaichukua. Je, humu ndani yupo ndugu wa marehemu, hata akiwa wa ukucha?"

Upande wa Bardo waliobaki walikuwa watawa na wazee wasio na meno. Halafu nikasikia benchi linaanguka. Kaka yangu Esiko alikuwa amesimama, mfupa wa nguruwe bado mkononi.

"Mimi!"

"Wewe nani?" akauliza Volrad, kana kwamba hamjui mtu aliyemnywea bia miaka yote ile.

"Ndugu wa ukucha! Mtu wa Hoyer, kwa upande wa Imma!"

"Imma na Bardo walikuwa tumbo moja?"

"Tumbo moja, titi moja!" akapaza sauti Esiko, na mchuzi ukamtiririka kidevuni.

Volrad akaweka kikombe, akazunguka meza, akamkumbatia. "Karibu," akasema, "karibu sana, ndugu yangu."

Watu wakapiga meza kwa shangwe. Mimi nikamtazama dada. Alikuwa anamkatia Oda mkate, na kisu kimesimama katikati ya mkate, hakiendi wala hakirudi.

Tulipokuwa tunapanda farasi kurudi nyumbani akaniuliza, "Tammo, umesikia alivyomwita?"

"Nimesikia. Ndugu yangu."

"Tangu nimeolewa amekuwa akimwita shemeji. Akilewa, shemeji. Akimkasirikia, shemeji. Leo ndugu." Akavuta kofia ya manyoya mpaka machoni. "Kama Esiko ni ndugu yake, mimi ni nani?"

Nilitafuta mzaha wa kumjibu. Sikuupata, na mtu anayenijua anajua hiyo ni hali ya hatari.

Kesho yake tukarudi Rodenfels, mimi na yeye. Esiko hakuwa ameondoka. Tulimkuta kwenye ghala la chini akionja bia za marehemu, pipa moja baada ya jingine, kama padre anayetembelea wagonjwa.

"Karibu mdogo wangu!" akasema. "Onja bia ya kwetu."

"Ya kwetu tangu lini?"

"Tangu jana. Na wewe wa begani, njoo. Leo kila mtu anakunywa."

"Asante kaka," nikasema, "mimi nasubiri wa shingoni washibe."

Reglinda hakukaa. Alimweleza polepole, kama unavyomweleza mtoto kwa nini moto unaunguza. Kama Imma na Bardo ni tumbo moja, Esiko ni ndugu wa Dedo, apate ngome. Lakini vilevile yeye Reglinda ni ndugu wa Volrad, ndoa ife. Kama Imma ni wa Mvendi, hakuna undugu, hakuna ngome, na yeye anabaki nyumbani kwake na wanawe. Kidole ni kimoja, ukucha ni mmoja.

Nilimwona kaka anahesabu kwenye mkono wake mwenyewe, midomo ikichezacheza. Akafika kwenye ukucha. Rangi ikamtoka.

"Sikulijua hilo, Regi. Nilipopiga kelele jana, naapa sikulijua."

Namwamini. Akili za kaka yangu hufika baada ya miguu yake.

"Basi sasa umelijua," dada akasema. "Volrad amekwisha kumwita kanoni aje kuhesabu. Akikuuliza, sema Imma alikuwa mtoto wa Mvendi. Neno moja tu. Si uongo, kila mtu anajua."

"Nikisema hivyo ngome inakwenda."

"Ngome inakwenda. Mimi nabaki na Jutta na Oda."

Esiko akazungusha kikombe mkononi. Juu yetu mtu alikuwa anafagia ukumbi, vumbi likidondoka kwenye bia, na yeye akalitazama vumbi kwa makini sana.

"Regi," akasema, "Volrad atakuacha tu. Asipokuacha kwa hili atakuacha kwa lile. Umemzalia wasichana. Sasa kama kuachwa ni kuachwa, si bora uachwe ukoo upate kitu, kuliko uachwe bure?"

"Kwa hiyo mimi ni mbuzi wa kubadilishana."

"Nani kasema mbuzi? Nitakutengea chumba hapa hapa. Kizuri. Chenye dirisha."

"La kutazama wapi?"

"Popote utakapo!"

"Wanangu watakuwa Hasselstein, Esiko. Oda bado analala na shungi langu la nywele mkononi. Nikitoka kidogo anaamka. Hilo dirisha lako linafika huko?"

Dada akamshika mkono, ule ule wenye kikombe.

"Baba alipokufa ulikuwa unaogopa kulala peke yako, mtu mzima na ndevu zako. Nani alikaa nawe? Nilimwambia nani? Mpaka leo nimemwambia nani?"

"Sasa umemwambia Tammo," akanong'ona Esiko.

"Niambie basi. Nirudi kwa wanangu na jibu gani?"

"Nitasema ukweli."

"Upi?"

"Ukweli utakaokuwepo siku hiyo."

Nikashindwa kuvumilia. "Kaka, ukweli si supu, useme leo ya kabichi kesho ya maharage."

"Wewe wa begani nyamaza!" akafoka, na alifurahi kupata mtu wa kumfokea. Tuliondoka. Tulipofika langoni tukamsikia anarudi kwenye mapipa.

Kanoni Wigger alikuja na mafua na waandishi wake, akaketi mbele ya madhabahu ya Hasselstein. Kanisa lilijaa. Mashujaa wa vita wa Volrad, wake zao, wapishi, wote wale waliocheka utani wa vitunguu. Volrad akavua joho, akapandisha mkono wa kanzu, akaunyoosha mkono wake mweupe wenye manyoya mekundu. Wigger akawa anaugusa kwa kidole akihesabu, huku akipiga chafya. Hoyer kichwa. Bardo na Imma shingo. Chafya. Watoto wao bega. Kiwiko. Alikwenda hivyo akiwataja wafu kwa majina, mpaka pingili ya tatu ya kidole cha kati.

"Hapa inategemea," akasema. "Kama Bardo na Imma ni tumbo moja, Bwana Volrad na bibi huyu wanaangukia ukucha. Kama ni nusu, wanapita. Nani anayeijua nasaba ya Imma?"

"Mtu mkubwa wa upande wake yupo hapa," akasema Volrad. "Ndugu yangu Esiko."

Esiko akaja mbele. Wakamwekea mfupa wa mtakatifu ndani ya kisanduku cha fedha, akaweka mkono juu yake. Alimtazama dada, na dada alimtazama, na kwa pumzi moja nilidhani kaka yangu atakuwa mtu.

"Tumbo moja," akasema.

Nikaruka. "Muongo! Baba kanoni, Imma ni mtoto wa Mvendi! Kila aliyemo humu anajua. Bwana Volrad, si wewe unayeita watoto wako Wavendi wakilia? Si wewe unayempisha bibi akae dada akila kitunguu?"

Volrad akageuka polepole, uso kama maziwa. "Mvendi yupi?" akauliza. Akawatazama watu wake. "Jamani, kuna mtu amewahi kunisikia nikitaja Mvendi?"

Wapishi wakatazama viatu vyao. Mashujaa wakatazama dari. Tusi lililokuwa likiliwa mezani kila siku kwa miaka, siku moja tuliyolihitaji, likawa halina mwenyewe.

Wigger akafuta pua. "Kijana, wewe ni nani kwa bibi huyu?"

"Kaka yake."

"Wa tumbo moja?"

"Wa baba mmoja."

"Basi wewe uko begani, na huyu aliyeapa yuko shingoni. Neno la shingo hutangulia."

"Ahaa!" nikasema. "Kwa hiyo mimi nikiwa nusu ninasogezwa, lakini Imma akiwa nusu anakaa palepale? Baba kanoni, huo mkono una viungo kweli, au ni soseji?"

Kanisa lote likacheka. Hata Wigger akatabasamu ndani ya leso. Hilo ndilo balaa la mchekeshaji: ukipiga yowe watu wanashika mbavu.

Reglinda akasimama. Kicheko kikafa.

"Na mimi nina neno."

"Msemaji wako ni nani, bibi?" akauliza Wigger kwa upole. "Mwanamke hasemi barazani bila msemaji. Mumeo hawezi, yeye ndiye mshitaki. Anafuata kaka yako wa shingoni."

Wote wakamgeukia Esiko.

"Mlezi wa bibi ana la kuongeza kwa niaba yake?"

Esiko alikuwa anaitazama buti yake ya kushoto, mpya, ya ngozi ya kulungu wa Rodenfels.

"Ameridhika," akasema.

Dada hakupiga kelele. Alirudi akakaa kwenye benchi, akakunja mikono yake miwili ndani ya mikono ya gauni, kama mtu anayeficha vidole visihesabiwe tena.

Hukumu ilichukua muda mfupi kuliko mafua ya kanoni. Ndoa haikuwahi kuwepo. Lakini kwa kuwa wawili hao hawakujua undugu wao, watoto si haramu, ni watoto halali wa Bwana Volrad na watabaki mkononi mwake. Nikafikiri juu ya neno hilo, mkononi, nikaona waliolitunga hawakuwa wajinga hata kidogo.

Chumba chenye dirisha dada alikikataa. Alisema anakwenda kwa watawa wa Wendelrode, ambako angalau kila mwanamke anaitwa dada na hakuna anayeapa. Siku ya kuondoka, gari la ng'ombe lilimsubiri uani, na sanduku lake moja, na mimi juu ya farasi wa kumsindikiza. Chumvi kutoka Salzbeke ilikuwa inapakuliwa pembeni. Hawakusubiri hata vumbi letu litulie.

Oda alikuwa amefungiwa ndani ili asilie mbele za watu. Tulimsikia hata hivyo. Safari hii hakuna aliyesema anaita jeshi. Jutta, yule mkubwa, mwenye akili za kutisha, aliletwa na baba yake amshike mama mkono aage vizuri, kama inavyompasa binti wa bwana. Alisimama akakunja uso. Najua uso ule. Alikuwa anahesabu.

"Baba," akasema, "padre kasema mama ni ndugu yako."

"Ndiyo."

"Wa kweli?"

"Wa ukucha. Ni ndugu."

"Sasa mimi nimwite nani?"

Uani watu wakaacha kupakua. Nilimwona Volrad anatafuta njia ya kutokea, na kila mlango alikuwa ameupigilia misumari mwenyewe mbele ya kanoni. Akisema mama, basi yule ni mke. Watu walikuwa wanasikiliza. Mjumbe wa mjane wa chumvi alikuwa anasikiliza.

"Mwite shangazi," akasema.

Jutta akamtazama mama yake. Akasubiri, labda mtu acheke, aseme ni utani, kama ilivyokuwa kawaida ya nyumba ile. Alinitazama hata mimi. Mimi nilikuwa nashughulika na hatamu.

Akapiga goti vizuri, kama alivyofundishwa.

"Safari njema, shangazi."

Reglinda akainama, akamfunga vizuri utepe wa kofia chini ya kidevu, akachukua muda mrefu kwa utepe mdogo vile.

"Ahsante, mwanangu," akasema.

Volrad alishituka, akakodoa macho kama anayetaka kukataza. Lakini hata shangazi husema mwanangu. Hakukuwa na sheria ya kumzuia.